Oili ya Kunyamazisha

Mume wangu alipovunjika bega, kila aliyekuja kutupa pole aliuliza kwanza: ni la kulia ama la kushoto? Nikisema la kushoto, wanashukuru Mungu, wanasema afadhali, mtu hula na mkono wa kulia. Hakuna aliyekumbuka lori. Dereva wa Kenya huketi upande wa kulia na gia huingizwa kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu tulikuwa tunakula na mkono wa kushoto, na huo ndio uliovunjika.

Alianguka kutoka juu ya mzigo wa mawe huko Theta, kwenye moja ya zile ploti ambazo juzi zilikuwa shamba la kahawa na leo zina geti. Alikuwa anafungua kamba, mguu ukateleza, akatua chini kwa bega. Hospitalini wakamwekea chuma. Miezi ikapita, daktari akamchunguza, akasema mkono umepona vya kutosha kurudi kazini, ila asivute wala kusukuma kitu kwa nguvu. Mume wangu alitoka pale akitabasamu, kwa sababu kwake yeye kuendesha gari hakukuwa kusukuma kitu.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la kazi. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao baridi ya Ruiru haikutoki mwilini mpaka saa nne, saa tano. Lori letu hulala uani, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Ni lori la dizeli kuukuu, limezaliwa kabla ya mtoto wetu wa kwanza. Akawasha, likaitika mara moja, maana injini yake haijawahi kutuaibisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikamwona anakanyaga klachi, anasukuma fimbo ya gia, fimbo inakataa. Akajaribu tena. Akaleta mkono wa kulia, akaupitisha mbele ya kifua, akasukuma kwa mikono miwili huku ameuma meno. Gia ikaingia kwa sauti ya chuma kusaga chuma. Akatoka nje ya geti mpaka kwenye kona, akahangaika na usukani kuligeuza, akarudi, akazima. Akashuka akishikilia mlango kwa mkono wa kulia.

"Bega limekataa," aliniambia. "Nitauza."

Hakusema atauza nini. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Hapa lazima nieleze habari ya kelele, la sivyo hakuna atakayetuelewa. Pale Ruiru malori ya kukodi yanapongojea wateja wa mawe na mchanga, lori halipimwi kwa macho. Mteja anayejua kazi husimama kando ya barabara akasikiliza linavyokuja. Likija likilia, ile sauti nyembamba ya giaboksi iliyochoka, anageuza uso na kuchagua lingine, kwa sababu tayari anaona mawe yake yamelala njiani. Madereva wanalijua hilo. Kwa hivyo kila giaboksi inayoanza kulia pale hupewa dawa ileile: inamwagwa oili yake, inajazwa ile nzito kabisa inayopatikana, oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, yenye harufu ya kiberiti na yai bovu. Kadiri inavyonuka ndivyo wanavyoisifu kuwa kali. Kazi hiyo wanaiita kunyamazisha. Hawasemi wametengeneza, wanasema wamenyamazisha, na hakuna anayeona haya.

Letu lilianza kulia miaka kadhaa iliyopita, na mimi nililizoea. Nikiwa jikoni nilijua amefika wapi. Lilikuwa linalia gia ya kwanza, linalia ya pili, linalia ya tatu, kisha kwenye ya nne linanyamaza. Ya nne haijawahi kulia. Niliwahi kumuuliza sababu, akanijibu kwamba gia ya nne inapita moja kwa moja, haizungukizungukii meno mengine, nikamwachia hayo maelezo yake. Mimi nilijua tu kwamba kelele ikikatika yuko barabara nzuri na mambo ni shwari. Lakini yeye alikuwa anaona aibu. Siku moja akalinyamazisha, na tangu siku hiyo alikuwa akiingia stendi kifua mbele. Asubuhi za baridi gia zilikuwa ngumu, ndiyo, lakini mabega yalikuwepo. Aliacha injini ingurume mpaka jirani agonge ukuta, kisha akasukuma kwa nguvu, yakaisha.

Wakati wa ugonjwa lori lilishikwa na fundi wetu, mtu wa Magharibi anayeishi Mwihoko, ambaye pia ana leseni ya malori. Alikuwa analiendesha siku alizokosa kazi ya spana. Jioni moja, akirudisha funguo, alinung'unika kidogo.

"Mama, hii gari asubuhi inasumbua sana. Lakini ikishapata moto, gia zinaingia tu vizuri."

Maneno hayo yalikuwa yamelala kichwani mwangu bila kazi. Siku ile mume wangu aliposema atauza, yakaamka. Jioni nikamwomba fundi alizungushe lori kidogo, na alipolirudisha likiwa bado moto, nilipanda kwenye kiti cha dereva. Sijui kuendesha. Nikakanyaga klachi kwa mguu mzima, nikashika fimbo, nikaisukuma. Ikaingia. Asubuhi iliyofuata nikapanda tena kabla sijaenda kazini. Ilikuwa kama kuchota mafuta ya kupikia yaliyoganda kwa kijiko cha plastiki.

Nikaingia ndani, nikamkuta anafunga kamba za viatu kwa mkono mmoja.

"Si bega," nikamwambia. "Ni oili."

"Oili iko sawa. Ni mimi niliweka."

"Ndiyo, uliweka ukiwa na mabega mawili."

Hakulipenda hilo. Mimi pia nisingelipenda, lakini nilikuwa nimeshakasirika na sikuwa na nafasi ya kuyapaka maneno asali.

"Ukitoa hiyo oili itaanza kulia," akasema.

"Wacha ilie."

"Mama, mimi siwezi enda stage na gari inalia kama mbuzi. Watu wataniangalia aje? Heri niuze ikatwe."

Akapiga simu mbele yangu kwa mnunuzi mmoja wa Thika anayekata malori kuukuu na kuuza chuma. Wakakubaliana aje Jumamosi.

Niseme wazi nilichoogopa. Sikuogopa njaa, mimi nina kazi yangu kiwandani Thika, kwenye mashine za uzi, na watoto wameshatoka nyumbani. Nilimwogopa yule mtu wa stuli. Miezi yote ya ugonjwa alikuwa anakaa kwenye stuli uani, mgongo ukutani, akiangalia magurudumu. Mtu aliyekuwa akirudi na habari za Juja nzima sasa alikuwa ananiuliza mimi huko nje kuna nini. Alianza kunishauri namna ya kukata sukuma wiki. Nilimvumilia kwa sababu nilijua bega litapona na ataondoka pale. Lori likikatwa, stuli ile ingekuwa ya maisha. Nikaapa moyoni kwamba kabla ya Jumamosi huyu mtu atakuwa ameingiza gia kwa mkono wake wa kushoto, akipenda asipende.

Nilimwita fundi, akalala chini ya lori, akalegeza nati ya kumwagia kidogo tu, akakinga oili kwenye chupa ya jemu. Nikaifunga kwa karatasi mbili za plastiki kwa sababu ya ile harufu. Nikachukua na katoni yangu. Tangu mwanzo mimi hutandika katoni chini ya lori kila jioni, kwa sababu ya kulinda saruji ya uani, na kwa kufanya hivyo nimejifunza kuyasoma matone: nyeusi ni ya injini, ya kahawia inayonuka ni ya gia, nyekundu ni ya usukani. Ila siku hizo upande wa usukani katoni ilikuwa na madoa meusi, hakuna mekundu, na sikujua maana yake.

Thika, nyuma ya soko, kuna mzee Mwislamu mwenye duka la oili. Amezaliwa hapohapo Thika, baba yake pia alikuwa na duka, na kofia yake nyeupe haijawahi kupata doa, jambo ambalo mimi siwezi kulieleza. Nilipitia kwake nikitoka kazini.

"Karibu, mama. Leo umeniletea jemu?"

"Fungua uonje, mzee."

Alifungua, akarudisha kichwa nyuma, akacheka. Kisha akamwaga tone kwenye kiganja, akatoka nalo mlangoni palipokuwa na jua, akakiinamisha kiganja huku na huku. Ndani ya lile tone la kahawia palikuwa na kitu kinachometameta kama dhahabu.

"Unaona hii?"

"Ni mchanga?"

"Ni shaba. Ndani ya hiyo giaboksi yenu kuna ringi za shaba. Kazi yao ni kushika gia, ipunguze mbio, ndiyo iingie bila kugongana. Sasa nyinyi mmeweka oili ya difu, ile nzito ya one-forty. Difu ni chuma kwa chuma, inataka hii dawa kali. Lakini hii dawa inakula shaba, pole pole. Halafu ni nzito. Asubuhi na baridi, ringi haipati kushika, inateleza tu. Ndiyo mtu anatumia nguvu."

"Nikibadilisha itapona?"

"Itakuwa nyepesi. Kupona, hapana. Ile imeliwa imeliwa. Na italia, mama. Usikuje hapa Jumatatu kunigombanisha."

Nilimpenda kwa kunijibu hivyo. Akaniwekea mitungi kwenye kaunta, akageuza migongo yake nione maandishi. Ya giaboksi, akasema, tafuta nambari nne. Ya difu ina nambari tano, hiyo muiache difu, na fundi akikuambia ni kitu kimoja mwambie ya kwake anywe yeye. Nikamwonyesha katoni. Akaweka kidole kwenye doa jeusi, akasugua, akatikisa kichwa.

"Usukani wa hiyo lori unataka ile nyekundu. Hapa mtu amekuwa akiongeza oili ya injini. Pampu inasukuma uji. Mtoe yote, na mtafute inavujia wapi, msiongeze tu."

Hapo nikaelewa kwa nini mume wangu alihangaika kuligeuza lori pale kwenye kona. Nilikuwa naondoka mzee aliponiita.

"Mama. Ya kujazia, ile nati ya juu, mfungue kwanza. Kabla hamjamwaga. Msikie vizuri."

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Fundi alikuja mapema, akalizungusha lori hadi karibu na lami na kurudi ili oili ipate moto, maana ikiwa baridi haitoki yote. Mume wangu alikuwa kwenye stuli. Aliponiona na mitungi aliuliza kama nimeamua kupamba ng'ombe anayeenda kuchinjwa. Nikamwambia ndiyo, na nitamtia na hereni.

Fundi akaingia chini, akaenda moja kwa moja kwa nati ya kumwagia.

"Ya juu kwanza," nikamwambia.

"Aki mama, ni kitu kimoja. Tumwage, halafu tutafungua hiyo ingine."

"Na ikikataa?"

"Haiwezi kataa."

"Basi ianze kukubali sasa."

Ilikataa. Ilikuwa imekaa miaka, pembe zake zimeliwa na spana za watu wengi, na kutu imeishika. Fundi akaipiga, akaimwagia dizeli, akaivuta mpaka shingo ikatoa mishipa. Spana ikateleza, akajigonga vidole, akasema maneno ya kwao ambayo sikuhitaji tafsiri. Hapo nikaona tungekuwa wapi kama tungemwaga kwanza: lori limekauka tumboni, haliwezi kujazwa, haliwezi hata kuendeshwa mpaka kwa fundi mwingine, na kesho mnunuzi yuko getini. Fundi akatoka chini, akasema tuache, ama tuite mtu wa kuchomelea.

"Hatuachi," nikasema. "Nipe hiyo spana."

Nikalala kwenye katoni yangu, nikaingia mimi. Nilivuta kwa hasira ya miezi yote ile, na nati haikunijali. Nikiwa bado naivuta, nikaona viatu vya mume wangu vimesimama karibu na gurudumu, kamba zimefungwa vibaya.

"Unavuta upande mmoja tu," akasema. "Hiyo kitu imeshikwa na kutu. Kwanza kaza. Kidogo tu. Ikivunja kutu ndiyo ulegeze."

"Njoo ufanye wewe."

Akainama, akalala chali kando yangu, akiugulia kidogo bega lilipogusa chini. Akachukua spana kwa mkono wa kulia. Akaniambia nishike kichwa cha spana kisiteleze. Akakaza. Nikasikia mlio mdogo, tik. Akageuza upande mwingine, nati ikaanza kuzunguka kama haijawahi kutusumbua. Alibaki pale chini, na mimi sikumharakisha.

Tukafungua ya chini. Oili ikashuka kwenye karai langu la kufulia, ya kahawia iliyokolea, nzito, ikinuka uani kote mpaka jirani akafunga dirisha. Mume wangu akasukuma karai kwa mguu mpaka palipo na jua. Akachovya kidole. Ile dhahabu ikang'aa kwenye ncha ya kidole chake, na nikamweleza niliyoambiwa Thika, bila kuongeza langu.

Akakisugua kile kidole kwa kidole gumba.

"Kumbe wakati imenyamaza ndiyo ilikuwa inaisha," akasema.

Nilitamani sana kujibu. Nilikuwa na majibu mazuri kama matatu. Nikayameza yote, nikamletea kitambaa cha kupangusia mkono.

Baada ya hapo ikawa kazi yake, mimi na fundi tukawa watumishi. Alisimamia pampu ya mkono mpaka oili mpya ikaanza kudondoka kwenye tundu la juu, akasema hapo ndipo penyewe, funga. Mpira wa kupitishia oili ya usukani ulikuwa umelegea kwenye mshipi wake, huko ndiko kulikovuja, na fundi akakaza. Tukatoa ule uji mweusi, tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki na mawe, tukatia nyekundu. Mume wangu akaniambia nipande nizungushe usukani mpaka mwisho, upande huu, upande huu, taratibu, yeye akiangalia povu kwenye kopo la oili yake. Mwanzoni ulikuwa unasita na kunguruma. Povu likaisha, usukani ukawa mwepesi hata nikacheka peke yangu huko juu.

"Usizoee hicho kiti," akasema.

Jumamosi kulikucha na ukungu. Hakuwa ameniambia kama ameghairi kuuza, na mimi sikumuuliza. Alikunywa chai, akavaa koti, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni. Akawasha. Hakuliacha lingurume, hakungoja jirani agonge ukuta. Alikanyaga klachi, akaweka mkono wa kushoto juu ya fimbo, mkono tu, bila bega, akaisukuma. Ikaingia. Akaitoa, akairudisha tena. Nilimwona akiangalia ule mkono.

Kisha akaachia klachi, lori likasogea, na likaanza kulia. Lilikuwa na sauti kubwa kuliko nilivyokumbuka. Jirani alitoa kichwa nje. Mume wangu akashika breki getini, akanitazama.

"Inalia."

"Nasikia."

"Hata stage watasikia kabla nifike."

"Basi watajua unakuja," nikasema. "Enda."

Nilijua ninachomwomba. Nilikuwa namwomba apite mbele ya watu wote aliowahi kuwapita kifua mbele. Kisha akatoka. Nikalisikia likilia barabara yote mpaka likapotea kwa umbali, na nikarudi ndani kuosha karai, kazi iliyonichukua sabuni nyingi na uvumilivu wangu wote.

Mnunuzi alifika mchana, mtu mrefu, mchangamfu, amevaa kofia ya manyoya. Akachungulia uani, akaona saruji tupu na katoni.

"Mama, habari? Nimekuja kuona ile lori. Iko wapi?"

"Imeenda kazi."

"Haiya. Si mzee wako aliniambia imekufa?"

Kabla sijamjibu, sauti ikatufikia kutoka upande wa Theta, kule kwenye kilima cha udongo mwekundu. Ilikuwa ndefu na nzito, ya lori lenye mzigo. Mume wangu alikuwa amepata mteja. Nikashika geti.

"Ngai," mnunuzi akasema. "Na hiyo inalia hivyo ni ya nani?"

"Ni yetu."

Akacheka, akatikisa kichwa kama daktari. "Hiyo giaboksi imeisha, mama. Hiyo haifiki jioni."

Nilikuwa nasikiliza. Lilikuwa kwenye ya pili, linapanda. Likafika juu. Sauti ikashuka, ikatulia kidogo, ikaanza tena: ya tatu, na haikugonga. Nikangoja. Ikalia, ikalia, ikapanda. Halafu ikakatika kabisa, na mtaa ukawa kimya.

Mnunuzi akainua kidole. "Umeskia? Si nilikuambia? Imezima. Twende tu, nitaichukua hapo hapo barabarani."

"Haijazima," nikamwambia, nikaanza kufunga geti. "Ameingiza ya nne."